Bibi anasahau, mimi nataka kuwa mtafiti, baba anataka daktari

SWALI

Anti, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 19, naishi na wazazi wangu wilayani Hai, Kilimanjaro. Mwaka huu nimemaliza kidato cha sita, tahasusi ya PCB (fizikia, kemia na baiolojia), na nimepata daraja la kwanza. Baba alifurahi mpaka akachinja mbuzi. Furaha hiyo iliisha siku niliyosema siombi udaktari, naomba bioteknolojia, nije niwe mtafiti wa magonjwa ya wazee.

Sababu yangu ni bibi, mzaa baba. Yeye ndiye aliyenilea wakati mama anahangaika na biashara ya ndizi. Sasa yapata miaka mitatu amebadilika. Alianza kwa kuuliza swali lilelile mara nne kabla chai haijapoa. Baadaye akawa anaacha chungu motoni mpaka kinaungua. Siku hizi jua likianza kuzama anajifunga kanga, anachukua fimbo yake, anasema anakwenda kwao. Ukimwambia, "Bibi, hapa ndipo kwako," anakutazama kama mgeni aliyemkosea adabu. Mimi ananiita kwa jina la dada yake aliyefariki kabla sijazaliwa.

Kibaya zaidi kilitokea mwezi wa nne. Alificha hela zake za kahawa kwenye debe la mahindi, akasahau, kisha akalia kwamba mama yangu kamwibia. Shangazi yangu akaja kutoka Arusha, akayaamini maneno hayo. Siku tuliyokwenda kusaga tukazikuta hela zote mle ndani, zimefungwa kwenye leso, ila maneno yalikuwa yameshasemwa. Mpaka leo mama ndiye anayemwogesha na kumlisha mtu anayemwita mwizi, na wifi yake hamsalimii. Majirani nao wameanza kunong'ona mambo ya uchawi.

Hospitali hatujampeleka kwa ajili ya jambo hili. Baba anasema uzee hauna dawa. Baba mdogo yeye alileta kopo la unga, akasema unafufua seli za ubongo, kanunua shilingi laki tatu na nusu. Bibi amelimaliza na hali ni ileile.

Kuhusu masomo, mwalimu wangu wa baiolojia aliniambia magonjwa hayo ni ya Wazungu, kwa sababu wao ndio wanaofika miaka tisini, na kwamba hapa kwetu nikatafiti malaria ndiko kuna fedha. Baba kasema, "Ukiwa daktari utamtibu bibi yako. Ukiwa mtafiti utatibu panya." Na mimi mwenyewe usiku najiuliza: naondokaje nikasome ugonjwa wa bibi huko mbali, huku nimemwachia mama mzigo wa bibi mwenyewe?

Je, naota? Baba ana haki? Nisaidie.

Binti wa Hai

JIBU

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa matokeo.

Umenifungia mambo mawili kwenye furushi moja, na nadhani ndiyo maana usingizi haukujii. Kuna bibi, anayehitaji msaada wiki hii. Na kuna wewe, unayechagua kazi ya maisha yako. Nitakuambia jambo gumu kwanza: shahada yako haitamwahi bibi. Shahada ya kwanza ni miaka mitatu, na mtu haitwi mtafiti kwa shahada ya kwanza. Kuna uzamili, kuna uzamivu, na dawa moja huchukua miaka mingi tangu maabara hadi duka la dawa. Ukienda chuo kwa ahadi ya kumponya, siku Mungu akimchukua utajiona umeshindwa masomo. Nenda kwa sababu swali lenyewe limekushika. Kwa barua hii naona limekushika kweli.

Tuanze na bibi.

Baba yako anasema uzee hauna dawa. Sawa, lakini kupotea ndani ya nyumba yako mwenyewe si uzee. Wazee wengi wanafika miaka themanini na zaidi wakiwa na akili zao timamu. Hali ya bibi inafanana na dimensia, yaani kupotea kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambayo mara nyingi husababishwa na ugonjwa wa Alzheimer. Nasema inafanana, kwa sababu yapo mambo mengine yanayomfanya mzee asahau na achanganyikiwe, na baadhi yake yanatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi iliyo shingoni kutofanya kazi vizuri, sonona, kaswende ya zamani, VVU, damu iliyovujia ndani ya fuvu baada ya kuanguka, hata dawa anazotumia kila siku. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa nalo huleta viharusi vidogovidogo ambavyo nyumbani hamtavitambua. Hakuna mtu wa kuyatofautisha hayo kwa macho, awe shangazi yako, awe mimi. Mpelekeni. Mkifika ulizeni dirisha la wazee. Kabla ya kwenda andika kwenye daftari: alianza lini, nini kilitangulia, aliwahi kuanguka, anatumia dawa gani, anasikia vizuri, analala saa ngapi. Daktari anayepewa maelezo ya namna hiyo hufanya kazi tofauti kabisa na anayeambiwa "mzee anasahau". Na kama kuchanganyikiwa kutazidi ghafla ndani ya siku moja au mbili, msisubiri tarehe ya kliniki, wahini siku hiyohiyo. Mara nyingi huwa ni maambukizi, hasa ya mkojo.

Ule unga usinunuliwe tena. Hakuna unga wala kidonge kilichothibitishwa kufufua seli za ubongo zilizokufa kwa Alzheimer, popote duniani, kwa bei yoyote. Inaniuma sana kuona watu wanachukua maneno ya sayansi unayotaka kuisomea, seli, jeni, seli shina, wanayabandika kwenye kopo na kukamua familia yenye mgonjwa. Mweleze baba mdogo bila kumwaibisha, maana alileta kwa upendo.

Sasa hela za kwenye debe. Natamani shangazi yako aisikie habari hii. Mwaka 1901, katika hospitali moja mjini Frankfurt, Ujerumani, alilazwa mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter. Daktari wake alikuwa Alois Alzheimer. Dalili ya kwanza iliyoonekana kwa mama yule haikuwa kusahau. Ilikuwa kumshuku mumewe. Baadaye akawa anabeba vitu huku na huko nyumbani na kuvificha. Alipofariki mwaka 1906, Alzheimer aliuchunguza ubongo wake kwa hadubini, akakuta mabaki ya protini yamelundikana nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua mabaki yale ni protini ya amiloidi beta, na zile nyuzi ni protini ya tau. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza kabisa kuelezwa na daktari kwa ugonjwa huu alishuku na kuficha vitu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Ulaya, nyumba isiyo na mkwe wala wifi wa Kichaga. Tuhuma ile dhidi ya mama yako ni dalili, kama homa ilivyo dalili ya malaria. Mwenye ubongo ule haoni kwamba amesahau, anaona kitu hakipo, na anayekuwa karibu naye zaidi ndiye anayelaumiwa. Kuitwa mwizi ni ushahidi kwamba mama yako ndiye aliyekuwepo muda wote.

Baba yako ndiye anayepaswa kumwambia dada yake maneno hayo. Si wewe, wala si mama yako. Na hiyo minong'ono ya uchawi asiipuuze. Nchi hii, hasa kule Kanda ya Ziwa, mabibi wameuawa kwa tuhuma hizohizo. Akamweleze mwenyekiti wa kitongoji na mchungaji au padri wenu kwamba mama yake ni mgonjwa, na aseme mbele ya watu. Ugonjwa ukishatajwa hadharani, umbea hukosa pa kushika.

Nije kwa mwalimu wako. Namheshimu, lakini katika hili amekosea, na umekosewa ukiwa umeketi palepale penye jibu. Utafiti wa dimensia unaotajwa sana kuhusu Tanzania ulifanyika wilayani Hai. Kwenu! Watafiti walipita vijijini, wakawapima karibu watu 1,200 wenye umri wa miaka 70 na zaidi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013: asilimia 6.4 walikuwa na dimensia, baada ya hesabu kurekebishwa kwa umri. Shirika la Afya Duniani nalo linasema zaidi ya nusu ya wenye dimensia duniani wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Wazungu gani hao?

Ninachokipenda zaidi katika kazi ya Hai ni namna walivyopima. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitungwa kwa watu waliosoma: chora saa, andika sentensi, hesabu kurudi nyuma kwa saba. Bibi ambaye hakuwahi kushika penseli atafeli hata kama akili yake ni nzima. Basi watafiti waliofanya kazi Tanzania na Nigeria wakatengeneza kipimo kingine, kinaitwa IDEA. Mzee anaulizwa leo ni siku gani, kiongozi wa kijiji ni nani, daraja ni kitu gani. Anataja wanyama wengi kadiri awezavyo kwa dakika moja. Anasomewa maneno kumi, kisha anaombwa ayakumbuke. Halafu mtafiti anapanga njiti nne za kibiriti kwa umbo fulani, na mzee anaombwa apange zake vilevile. Fikiria mtu alikaa akawaza mpaka akafika kwenye kibiriti, kitu ambacho bibi yako amekishika maisha yake yote. Huo nao ni utafiti, na haukuhitaji panya.

Na haukuishia kwenye kupima. Baadaye hukohuko Hai walijaribu tiba ya kuchangamsha akili: wazee wanakutana katika kikundi kidogo, vikao 14 kwa wiki saba, wanazungumza, wanaimba, wanakumbushana mambo ya zamani. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kufikiri na katika hali ya maisha yao. Mkifika hospitali ulizeni kama huduma hiyo bado inatolewa karibu nanyi.

Sasa upande wa jeni, ambao najua ndio unaokuvuta. Ipo jeni inaitwa APOE. Aina yake iitwayo APOE4 huongeza hatari ya Alzheimer, na kwa watu wa asili ya Ulaya uhusiano huo ni mkubwa. Ila watafiti walipolinganisha wazee wa Kiyoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001, walikuta dimensia mpya ikijitokeza Ibadan kwa kasi isiyofika nusu ya ile ya Indianapolis, na kwa Wayoruba uhusiano wa APOE na ugonjwa ulionekana dhaifu. Kwa nini? Chakula? Mishipa ya damu? Jeni nyingine zinazokinga? Sehemu kubwa ya tafiti za jeni duniani imefanywa kwa watu wa asili ya Ulaya, kwa hiyo maswali ya namna hii yanangoja watu wanaoishi na wazee wa huku na wanaoweza kuwauliza kwa lugha yao. Hata fuko asiye na manyoya, yule anayechimba mashimo katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia, anachunguzwa na maabara za ng'ambo kwa sababu anaishi zaidi ya miaka 30, ilhali panya wa ukubwa wake hafiki hata minne. Mnyama wa kwetu, na wengi wetu hatujawahi kumsikia.

Usinielewe kwamba bioteknolojia imeshamaliza kazi. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa ya lecanemab, inayoondoa amiloidi kwenye ubongo. Kwa wagonjwa walio hatua za mwanzo ilipunguza kasi ya kudorora kwa takriban asilimia 27 katika miezi 18. Ilipunguza kasi, haikurudisha kilichopotea. Mgonjwa huanza kwa kutundikiwa dripu kila wiki mbili, anahitaji picha za ubongo za MRI mara kwa mara kwa kuwa ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, na ilipotoka bei yake ilikuwa dola 26,500 kwa mwaka. Kwa hatua aliyofikia bibi, isingemfaa hata ingekuwa bure. Nakuambia haya ili uingie macho yako yakiwa wazi. Utafiti ni kazi ya kushindwa mara nyingi na kusonga kidogo.

Baba yako ana haki sehemu moja: anaogopa ajira. Usimjibu kwa ndoto, mjibu kwa karatasi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya baiolojia ya molekuli na bioteknolojia. Sokoine, Morogoro, kuna ya bioteknolojia na sayansi za maabara. Uzamili na uzamivu unaweza kuusomea Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, karibu na nyumbani. Taasisi za utafiti wa afya kama NIMR na Ifakara huajiri watafiti, ingawa nafasi si nyingi na mikataba mingi hufuata muda wa mradi. Jambo moja wanafunzi hulijua wakiwa wamechelewa: shahada ya bioteknolojia si lazima ikupe usajili wa kufanya kazi kwenye maabara za hospitali. Huko wanataka sayansi ya maabara za afya, inayofundishwa vyuo vya afya kama MUHAS, Dar es Salaam. Uliza hilo baraza la wataalamu wa maabara na chuo chenyewe kabla hujajaza chochote. Na popote utakapoenda, jifunze takwimu na kuandika programu za kompyuta kuanzia mwaka wa kwanza. Mtu anayeweza kusoma data ya jeni hubaki na kazi mradi ukiisha.

Udaktari nao haukufungii mlango wa utafiti. Alzheimer mwenyewe alikuwa daktari wa wagonjwa. Swali la kujiuliza ni hili: kwa bibi, kinachokuvuta ni kukaa naye, kumtuliza jioni, kujua leo kalalaje? Au ni kinachotokea ndani ya seli zake? Kama ni la kwanza, miaka mitano ya udaktari na mwaka wa mafunzo kazini haitakuchosha. Kama ni la pili, wodi itakuchosha upesi, na wagonjwa hawastahili daktari aliyelazimishwa. Mimi, kwa nilivyoisoma barua yako, nakuona uko upande wa seli. Lakini utaratibu wa udahili unaruhusu kuomba vyuo zaidi ya kimoja, na ukichaguliwa zaidi ya sehemu moja unathibitisha mojawapo. Omba zote mbili, mbele ya baba yako, na mpe muda mpaka siku ya kuthibitisha. Baba aliyechinja mbuzi kwa sababu yako anazungumzika. Mwombe yeye ndiye ampeleke bibi hospitali, aingie chumba cha daktari, aulize maswali mwenyewe.

Limebaki la mama. Huna hatia ya kuondoka, ila usiondoke kabla ratiba haijapangwa. Kikao cha familia kifanyike kabla vyuo havijafunguliwa, na kila mtoto wa bibi aseme ana siku zipi au anachangia shilingi ngapi za msaidizi. Mama apate angalau siku moja nzima kila wiki asiyoulizwa chochote kuhusu bibi, na usiku mmoja wa kulala bila kusikilizia mlango. Mlango wa nje uwekewe komeo la juu ambalo bibi hajalizoea, kwa sharti kwamba kuna mtu mzima ndani muda wote, na taa ziwashwe kabla giza halijaingia, maana giza humzidishia wasiwasi. Akisema anakwenda kwao msibishane naye. Mtembezeni kidogo kihambani, mwulizeni habari za huko kwao, kisha mrudi pamoja. Na shangazi yako aombwe kukaa wiki mbili kumhudumia mama yake, akianzia na kumwogesha. Bibi asipelekwe Arusha, kwa sababu nyumba ngeni itamchanganya zaidi. Shangazi ndiye aje Hai.